Marejeo Pungufu ya Makala katika Programu za Kusomea Biblia: Chanzo Chake na Jinsi ya Kuyatimiza

Mtu apandaye kutoka mji wa Moshi hadi Kidia, katika nchi ya Old Moshi, hufika mahali ambapo zilikusanywa habari nyingi juu ya lugha na desturi za Wachaga. Wamisionari wa Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893. Johannes Raum alitoa sarufi ya lahaja ya Moshi mwaka 1909. Bruno Gutmann alifanya kazi Old Moshi tangu 1910, akaondolewa mwaka 1920, akarudi katikati ya miaka ile ya ishirini, akakaa hadi 1938. Yeye ndiye aliyetoa Das Recht der Dschagga mwaka 1926, na juzuu tatu za Die Stammeslehren der Dschagga katika miaka ya 1932, 1935 na 1938; naye ndiye aliyelitia Agano Jipya katika Kimochi. Vitabu hivyo vyatajwa mara kwa mara na wataalamu. Lakini Gutmann aliandika pia makala nyingi katika majarida, mathalani ile ya mila za kilimo za Wachaga iliyotoka katika Zeitschrift für Ethnologie, juzuu ya 45, mwaka 1913. Yeyote atakaye kujua jinsi maneno ya Kimochi yalivyochaguliwa ili yabebe maana za Biblia hana budi kusoma makala pamoja na vitabu, na makala hizo zimetawanyika.

Msomaji wa namna hiyo leo, awe mchungaji wa usharika au mwanafunzi wa theolojia aandikaye tasnifu yake, aghalabu husoma katika kompyuta. Programu za kusomea Biblia huweka tafsiri za Biblia, kamusi, fafanuzi na majarida mamia kwa mamia katika chombo kimoja, na vitabu vikiisha kupakuliwa huweza kusomwa hata pasipo mtandao. Kwa mtu akaaye mlimani, mbali na maktaba kubwa, huo ni msaada usiopimika. Programu hizo zatoa na huduma nyingine ipendwayo sana: msomaji akinakili kifungu na kukibandika katika maandishi yake, programu humwandikia tanbihi yenyewe, yaani jina la mwandishi, anwani ya kitabu, mahali kilipochapishwa, mwaka na ukurasa.

Kasoro inayozungumzwa hapa huonekana katika tanbihi hiyo. Kifungu kikitoka katika kitabu cha mtu mmoja, tanbihi huja kamili. Kikitoka katika makala, tanbihi huja na upungufu: pengine jina la mwandishi halimo na jina la mhariri limekaa mahali pake, pengine anwani ya makala haimo, pengine lipo jina la jarida na mwaka, lakini hakuna juzuu wala ukurasa. Watumiaji wengi hudhani programu imeharibika, au kwamba wamebonyeza pasipostahili. Kwa kweli kasoro hii ina chanzo kinachoeleweka, na akielewa chanzo msomaji aweza kuitengeneza nyingi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Yafaa kuanza na Biblia yenyewe, kwa kuwa programu hizi zilibuniwa kwa ajili yake. Mgawanyo wa sura unaotumika sasa huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na aya za Agano Jipya zilipewa nambari na Robert Estienne katika chapa yake ya mwaka 1551. Tangu hapo mtu aweza kutaja Warumi 13:1 bila kusema ni chapa gani wala ukurasa gani, na mwenziwe akaipata katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, au katika Agano Jipya la Kimochi, au katika Luther ya Kijerumani. Kiswahili kina neno moja, anwani, kwa jina la maandishi na kwa mahali anapopatikana mtu. Katika aya ya Biblia maana hizo mbili zimekutana: jina la aya ndilo mahali pake. Aya hata ikikatwa na kupelekwa popote, huenda na anwani yake.

Makala si hivyo. Makala ina mwandishi wake na jina lake, lakini mahali pake pamo katika kitu kingine kilichoibeba: juzuu ya jarida, kamusi ya juzuu kumi, au mkusanyo ulio chini ya mhariri. Ili imfikie msomaji wa pili, hapana budi itajwe mara mbili, kwanza yenyewe, kisha chombo chake. Sasa, watengenezaji wa programu huingiza maandishi kwa chombo, wala si kwa makala. Juzuu nzima huwa kitu kimoja chenye kadi moja, mfano wa kadi za zamani katika droo za maktaba, na juu ya kadi hiyo huandikwa yaliyo katika jalada: jina la juzuu, mhariri, mchapaji, mwaka. Ndani ya juzuu, kila makala huwa kichwa cha habari tu, kama sura ya kitabu. Jina la mwandishi wa makala lipo, na msomaji hulisoma kwa macho yake chini ya kichwa au mwishoni mwa makala. Lakini kwa mashine ni maneno tu miongoni mwa maneno, mpaka mtu aketi na kuyawekea alama kusema kwamba haya ni jina la mwandishi, na kwamba makala hii yaanzia ukurasa huu na kuishia ule. Kazi hiyo ni ya mkono na ina gharama. Pale ilipofanywa, tanbihi huja kamili. Pale isipofanywa, mashine husoma kadi ya jalada na kuandika iliyoyaona.

Mfano ulio maarufu ni kamusi kubwa ya theolojia ya Agano Jipya ambayo Gerhard Kittel alianza kuihariri. Baada ya kifo chake mwaka 1948 kazi iliendelezwa na Gerhard Friedrich, na Geoffrey Bromiley aliitafsiri kwa Kiingereza katika juzuu zilizotoka kati ya 1964 na 1976. Atakaye kusoma habari za upendo hufungua juzuu ya kwanza, ukurasa wa 21 hadi 55. Hapo sehemu ihusuyo Agano la Kale ni ya Gottfried Quell, na sehemu zinazofuata ni za Ethelbert Stauffer. Mtu akinakili kutoka hapo katika programu ambayo kadi yake ni ya jalada tu, hupewa Kittel, Friedrich na Bromiley, majina matatu, na hakuna hata moja kati yao lililoandika neno alilolinakili. Mazoea ya kusema „Kittel asema” yalikuwako tangu siku za karatasi, na hapo lawama haiwezi kutupiwa mashine. Lakini zamani mtu alikosea kwa uvivu wake. Siku hizi hukosezwa hata akiwa na bidii.

Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni Africa Bible Commentary, kitabu kikubwa cha juzuu moja kilichotolewa Nairobi na WordAlive mwaka 2006 chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo. Wataalamu wa Kiafrika wapatao 70 walikiandika. Ufafanuzi wa Warumi ni wa David M. Kasali wa Kongo, ule wa Injili ya Yohana ni wa Samuel Ngewa wa Kenya, na ule wa Luka ni wa Paul John Isaak wa Namibia. Tena kati ya fafanuzi hizo zimo makala fupi juu ya mambo ya maisha, kila moja na jina la aliyeiandika. Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa Old Moshi anaandika juu ya utii kwa serikali katika Warumi 13, akanakili kifungu cha Kasali. Tanbihi ikija na Adeyemo, Africa Bible Commentary, Nairobi, 2006, basi Kasali ametoweka, na neno „Warumi” limetoweka, na ukurasa umetoweka. Tanbihi iliyo sawa ingetanguliza David M. Kasali, kisha „Romans” katika alama za kunukuu, kisha jina la kitabu, kisha Adeyemo kwa cheo chake cha mhariri, kisha mahali, mchapaji na mwaka, na mwisho ukurasa uliosomwa.

Jambo hili si la adabu ya tanbihi peke yake. Msimamizi wa tasnifu atakayeirudisha kazi kwa sababu ya marejeo pungufu humpotezea mwanafunzi majuma kadhaa, na hilo laweza kuvumilika. Lakini orodha ya marejeo ya tasnifu moja hunakiliwa katika tasnifu ya pili, na ya pili katika kitabu. Wataalamu 70 waliokusanywa ili ionekane kwamba Afrika ina wafafanuzi wake hugeuka kuwa mtu mmoja. Mtu atafutaye baadaye ni nani wa Kongo aliyeandika juu ya Warumi hatampata, kwa kuwa mahali pote alipotajwa ametajwa kwa jina la mwingine. Nao wanaohesabu mara ngapi mtaalamu ametajwa na wenziwe, na kumpandisha cheo au kutompandisha kwa hesabu hiyo, watahesabu pungufu.

Ajabu ni kwamba kukata maandishi vipande vipande pasipo kupoteza jina la mwenyewe kulikwisha kufanywa kabla ya kompyuta hizi, na mfano wake wahusu Old Moshi hasa. Shirika la Human Relations Area Files, lililoanzishwa mwaka 1949 huko New Haven, Marekani, lilimtaka A. M. Nagler aitafsiri Das Recht der Dschagga kwa Kiingereza. Maandishi hayo, pamoja na mengine juu ya Wachaga yaliyowekwa chini ya alama FN04, yaligawanywa kwa mada: ndoa mahali pake, mifereji ya maji mahali pake, kesi za ardhi mahali pake. Karatasi moja iliweza kukaa katika mafungu mengi. Lakini juu ya kila karatasi liliandikwa jina la mwandishi na alama za chanzo chake, hata mtu aliyeokota karatasi moja katika fungu la mifereji alijua kwamba anasoma maneno ya Gutmann. Wale walielewa kwamba ukikikata kitu, kila kipande chahitaji lebo yake. Programu nyingi za Biblia zilirithi desturi ya kuandika lebo moja juu ya sanduku zima.

Sasa kuhusu matengenezo. Kabla ya kurekebisha lolote, msomaji ajue upungufu umetokea wapi, na mahali pawezapo kuwa ni patatu: katika mtindo wa kuandikia marejeo, katika kadi ya juzuu, au katika njia, yaani wakati rejeo linapotolewa katika programu ya Biblia na kupelekwa katika programu nyingine.

Mtindo ndio mwepesi kuupima. Programu huweza kuandika rejeo lile lile kwa mitindo mbalimbali: ule wa Chicago, ule wa Society of Biblical Literature ambao mwongozo wake ulitoka mwaka 1999 na kutolewa upya mwaka 2014, na mingineyo. Mitindo mingine hufupisha jina la jarida, mingine huacha jina la mchapaji, na mwongozo wa SBL una kanuni zake kwa kamusi zinazotumiwa sana. Msomaji abadilishe mtindo katika mipangilio, kisha anakili kifungu kile kile tena. Ikiwa kilichokosekana kimetokea, basi habari zimo ndani na mtindo ndio ulioziacha; achague mtindo atakiwao na chuo chake, na shauri limekwisha. Ikiwa upungufu ni ule ule katika mitindo miwili au mitatu, ahamie kwenye kadi.

Kadi hufunguliwa kwa kutazama maelezo ya kitabu, ambayo programu karibu zote huyaweka katika menyu ya kitabu chenyewe. Hapo msomaji atazame mambo mawili. La kwanza, juzuu imeandikishwa kuwa ya aina gani? Jarida lililoandikishwa kama kitabu cha kawaida litatajwa kama kitabu daima, na hakuna mtindo utakaoliponya. La pili, katika nafasi ya mwandishi limewekwa jina la nani? Jina la mhariri likiwa katika nafasi ya mwandishi, upungufu umekwisha kufahamika. Kisha afanye jaribio moja zaidi ambalo wengi hawalijui: anakili tena akiwa ndani ya makala yenyewe, katikati ya aya, wala asinakili kutoka katika orodha ya matokeo ya utafutaji. Katika programu kadhaa, kipande kilichochukuliwa katika orodha ya utafutaji hakijui kimetoka katika makala gani, hata ikiwa makala yenyewe imewekewa alama zote. Vilevile yafaa kusasisha programu na juzuu zake kabla ya kukata tamaa, kwa maana wachapaji husahihisha kadi kimya kimya. Msomaji aliyepakua vitabu vyake miaka mitano iliyopita, na ambaye hufungua mtandao kwa nadra kwa sababu ya gharama za bando, huenda anatumia kadi ambayo ilikwisha kutengenezwa.

Mahali pa tatu, yaani njia, ndipo panapowachosha watu zaidi. Wengi hutoa rejeo katika programu ya Biblia na kulipeleka katika programu ya kutunzia marejeo, mfano Zotero, ambayo ilitolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason na hutumika bure. Husafirishwa mara nyingi kwa faili ya RIS. Faili hiyo yaweza kufunguliwa kama barua ya kawaida na kusomwa, na msomaji asiogope kuifungua. Kila mstari huanza kwa alama mbili: TY hutaja aina ya maandishi, AU mwandishi, VL juzuu, SP ukurasa wa kwanza, EP ukurasa wa mwisho. Ikiwa mbele ya TY pameandikwa BOOK, programu ipokeayo itatengeneza nafasi za kitabu, na habari za makala, hata zikiwamo, hazitapata pa kukaa. Makala ya jarida hutakiwa kuwa JOUR, na sehemu ya kitabu cha wengi hutakiwa kuwa CHAP. Aliyekwisha kuingiza rejeo katika Zotero hahitaji kurudi kwenye faili. Aitafute nafasi ya aina ya maandishi, aibadilishe kutoka kitabu kuwa makala ya jarida, au sehemu ya kitabu, au makala ya kamusi, na nafasi zilizokosekana zitajitokeza zikiwa tupu. Kisha jina la juzuu alihamishe kutoka nafasi ya anwani hadi nafasi ya chombo, na mhariri amwondoe katika uandishi na kumpa cheo chake.

Kosa kubwa la watumiaji ni kusahihisha ndani ya maandishi yao, yaani kufuta Adeyemo katika tanbihi na kuandika Kasali. Programu ya marejeo ikiburudisha tanbihi zake, Adeyemo hurudi. Masahihisho yafanywe katika rejeo lililotunzwa, mara moja, na tanbihi zote zitafuata.

Kuhusu majarida yako mambo mengine ambayo mashine haiwezi kumwamulia mtu. Majarida mengine huhesabu kurasa mfululizo katika mwaka mzima, hivi kwamba juzuu na ukurasa vyatosha. Ndivyo lifanyavyo Journal of Biblical Literature. Mengine huanza ukurasa wa 1 katika kila toleo, na hapo juzuu bila nambari ya toleo ni kama kutaja mtaa pasipo nyumba, kwa kuwa ukurasa wa 30 upo mara mbili. Tena majarida hubadili majina. Jarida la Kiswahili linalotolewa Dar es Salaam limewahi kuwa taarifa ya Kamati ya Lugha, kisha likaitwa Journal ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kisha Swahili, na ndipo likawa Kiswahili. Mwenye kadi ya leo hujaribiwa kuandika Kiswahili juu ya makala ya mwaka 1956, na maktaba iliyopanga majarida kwa jina la wakati ule haitaiona. Kanuni ni kuandika jina lililokuwa juu ya jalada siku makala ilipochapishwa.

Tahajia nayo yaleta taabu yake katika habari za Kilimanjaro. Wajerumani waliandika Moschi, Dschagga na Wadschagga. Waingereza waliandika Chaga, na baadaye Chagga. Mtafutaji aandikaye Moshi katika kisanduku cha kutafutia hataona makala za kabla ya mwaka 1914, na atadhani hazimo. Atafute kwa tahajia zote, lakini katika rejeo anwani ibaki kama ilivyochapishwa, wala isisanifishwe. Hata jina Moshi lenyewe laweza kukosewa, kwa kuwa ni jina la mji na ni jina la watu pia: Stefano Moshi, aliyekuwa askofu wa Kilutheri, akitajwa katika chapisho lililotoka mjini Moshi, mashine isiyowekewa alama imeweza kupewa neno moja kwa kazi mbili. Na zile juzuu za Stammeslehren zilitoka katika mfululizo uliohaririwa na Felix Krueger, zikiwa na nambari 12, 16 na 19. Kadi ya haraka humfanya Krueger kuwa mwenye kitabu juu ya mafundisho ya Wachaga. Gutmann mwenyewe, kwa upande wake, aliyapokea mafundisho hayo kutoka vinywani mwa wazee, na kwa wazee hao kadi haina nafasi kabisa. Huo ni upungufu mwingine, wa zamani zaidi, ambao programu haikuuanzisha.

Baki mambo mawili madogo. Makala iliyonakiliwa pamoja na tanbihi zake huleta vifupisho kama ibid. na op. cit., au a.a.O. katika maandishi ya Kijerumani. Vifupisho hivyo huelekeza kwenye tanbihi iliyotangulia, na tanbihi hiyo imebaki ndani ya programu. Msomaji arudi nyuma katika makala mpaka aikute mara ya kwanza chanzo kilipotajwa kwa ukamilifu, akiandike hicho. Na anayelinganisha Kijerumani cha wamisionari na Kiswahili aangalie hesabu ya aya katika Zaburi. Biblia ya Luther huhesabu maelezo ya juu ya zaburi kuwa aya, kwa hiyo ombi la kuumbiwa moyo safi, ambalo katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ni Zaburi 51:10, kwa Luther ni 51:12. Hata aya, yenye anwani yake, yahitaji hapo kusemwa ni ya Biblia gani.

Ikiwa ukurasa haumo kabisa, sababu yaweza kuwa kwamba alama za kurasa zimefichwa katika mipangilio, na hizo huweza kuonyeshwa. Yaweza pia kuwa kwamba zile kurasa hazikuingizwa tangu mwanzo. Hapo msomaji asikisie, wala asihesabu skrini. Orodha za yaliyomo za majarida mengi huonekana bure katika tovuti za wachapaji wake, na kutoka huko hupatikana ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa makala, ijapokuwa haupatikani ukurasa wa maneno yenyewe. Kwa ukurasa huo kuna njia mbili: kumwomba mtu aliye karibu na maktaba kubwa atazame chapa ya karatasi, au kutaja kichwa kidogo cha sehemu ambamo maneno yamo na kuandika wazi kwamba imesomwa chapa ya kielektroniki isiyo na kurasa. Mchapaji wa programu naye aandikiwe. Kampuni za programu hizi huwa na mahali pa kuripoti kasoro katika maandishi, na ripoti ifaayo hutaja jina la juzuu, makala, jina la mwandishi lilivyo ndani ya makala, na tanbihi iliyotolewa na mashine neno kwa neno. Ripoti isemayo tu kwamba marejeo hayafanyi kazi haimwambii mtengenezaji ni kadi gani aifungue.